Umri wa dawa si kinga: mchemsho wa xiao chai hu na vifo 10 vya Japani

Mwezi Machi 1996, Wizara ya Afya na Ustawi ya Japani ilituma taarifa ya dharura kwa madaktari na wafamasia wa nchi nzima. Ilihusu dawa ya mitishamba iliyokuwa ikiandikwa hospitalini kila siku na kulipiwa na bima, dawa ambayo wengi waliihesabu miongoni mwa zile zisizoweza kumdhuru mtu. Tangu Januari 1994, wagonjwa 88 walioitumia walikuwa wamepata nimonia ya aina ya pekee, ile inayovimbisha kuta nyembamba za vifuko vya hewa bila bakteria kuhusika. Kumi kati yao walikufa.

Wajapani huiita dawa hiyo sho-saiko-to. Wachina, ambao ndio wenye asili yake, huiita xiao chai hu tang, na leo katika famasi za Beijing au Guangzhou utauziwa bila cheti cha daktari, ikiwa chembechembe ndani ya vipakiti vya kukoroga kwenye maji moto. Watu huinywa kwa mafua yaliyokaa siku kadhaa bila kuisha, kikohozi, homa inayokuja na kuondoka, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, mdomo mchungu, kifua na mbavu kujaa. Inashika njia ya hewa na njia ya chakula kwa pamoja, na ni kati ya michemsho ya Kichina iliyochunguzwa sana maabara na hospitalini.

Kisa cha 1996 kimegeuzwa silaha na pande mbili. Wanaodharau tiba asili hukitaja kuthibitisha kwamba mizizi na majani ni sumu iliyopewa jina zuri. Wanaoitetea hujibu kwamba mchemsho hauna kosa: Wajapani waliutumia vibaya, wakampa kila mtu bila kufuata utaratibu wa wazee. Nimefuatilia mjadala huu kwa muda mrefu, na naona pande zote mbili zinapita pembeni ya jambo lenyewe. Jambo lenyewe ni kwamba madhara haya yasingeweza kuonekana kwa macho ya tabibu yeyote, awe hodari namna gani, kwa sababu yanafanana na ugonjwa anaoutibu. Yalionekana kwa sababu kulikuwa na watu waliokuwa wakihesabu.

Tuanze na mwenye mchemsho. Zhang Zhongjing alikuwa tabibu wa Nanyang, mwishoni mwa enzi ya Han, takriban mwaka 150 hadi 219. Katika dibaji ya kitabu chake, Shang Han Lun, anaeleza kwamba ukoo wake ulikuwa na watu zaidi ya 200. Katika muda usiofika miaka 10 tangu mwaka 196, theluthi mbili yao walikufa, na saba katika kila 10 waliokufa waliondoka na homa. Huyu hakuandika kwa kujionyesha elimu. Aliandika akitoka kuzika ndugu zake, na kitabu kizima kina haraka ya mtu anayetaka mwingine asizikwe. Anayekisoma kwa utulivu hawezi kukidharau.

Mchemsho una vitu saba. Wa kwanza na mkubwa ni chaihu, mzizi wa mmea wa jamii moja na karoti na giligilani. Wa pili ni huangqin, mzizi wa manjano na mchungu kutoka jamii ya mnanaa na rehani. Kisha jinsengi, kisha gancao, mzizi mtamu unaotiwa katika michemsho mingi ya Kichina, kisha tangawizi mbichi, kisha dazao, tunda ambalo ni ndugu wa karibu kabisa wa kunazi zetu. Na banxia, tunguu dogo la mmea wa jamii ya magimbi. Aliyewahi kula gimbi lisiloiva vizuri anajua lilivyomwasha koo. Banxia mbichi ina ukali wa namna hiyohiyo, na zaidi, ndiyo maana Wachina huisindika kabla ya kuitumia, na tangawizi iliyomo ndani ya mchemsho ina kazi pia ya kuituliza. Watu wanaosema wazee hawakujua sumu wasome hapo. Walijua, wakaiwekea mlinzi ndani ya chungu kilekile.

Vipimo vimeandikwa waziwazi, liang kwa uzito na sheng kwa ujazo. Chaihu liang 8, huangqin, jinsengi, gancao na tangawizi liang 3 kila kimoja, banxia nusu ya sheng, dazao 12. Maji sheng 12, yachemke hadi yabaki 6, makapi yatolewe, maji yarudishwe motoni hadi yabaki 3. Mgonjwa anywe sheng 1, vuguvugu, mara 3 kwa siku. Hapa ipo shida ambayo wauzaji hawaitaji. Wataalamu hawajakubaliana liang ya enzi ya Han ni gramu ngapi kwa mizani ya leo. Wapo wanaoihesabu gramu 3, kwa desturi iliyotoka kwa matabibu wa enzi ya Ming, na wapo wanaosema inakaribia 15. Anayekuambia anauza dozi ileile ya miaka 1,800 iliyopita anakuambia kitu ambacho kinaweza kupishana na ukweli mara tano. Dawa ya kiwandani inayotumika zaidi Japani huanzia gramu 7 za chaihu kwa siku.

Lakini jambo zito zaidi katika maandishi ya Zhang liko baada ya vipimo. Anaorodhesha dalili: baridi na joto vinavyopokezana, kifua na mbavu kujaa, mgonjwa kunyamaza asitake kula wala kunywa, moyo kutotulia, kutapika mara kwa mara. Halafu anaanza kubadilisha. Mgonjwa akiwa na kiu, ondoa banxia, ongeza jinsengi na mzizi mwingine. Tumbo likiuma, ondoa huangqin, weka shaoyao. Akikohoa, ondoa jinsengi, dazao na tangawizi mbichi, weka wuweizi na tangawizi kavu. Mchemsho aliouandika haukuwa kitu kimoja kilichokaa rafuni kikisubiri mteja. Ulikuwa mwanzo wa mazungumzo kati ya tabibu na mgonjwa aliyeko mbele yake, na mazungumzo hayo yalitakiwa kurudiwa kesho yake hali ikibadilika. Tena ulikuwa mchemsho wa homa, wa ugonjwa unaohesabiwa kwa siku.

Sasa twende Japani, maana huko ndiko mambo yalikobadilika. Tiba ya Kichina ilifika visiwa hivyo karne nyingi zilizopita na ikakua kwa namna yake, ikaitwa kampo. Katika enzi ya Meiji serikali iliamua kwamba mwenye leseni ya udaktari ni yule aliyefaulu mitihani ya tiba ya Kimagharibi, na mwaka 1895 bunge likakataa muswada wa kuwaruhusu matabibu wa kampo waendelee kwa njia yao. Kampo haikufa, ila ilibaki mikononi mwa wachache. Kisha mwaka 1976 bima ya afya ya taifa ikaanza kulipia orodha ndefu ya dawa za kampo zilizotengenezwa viwandani kama chembechembe. Ghafla daktari wa kawaida, aliyesoma fiziolojia na upasuaji na ambaye hakuwahi kufundishwa kampo hata muhula mmoja, akawa na ruhusa ya kuziandika. Somo la kampo liliingia katika mtaala wa msingi wa vyuo vya udaktari vya Japani mwaka 2001. Kati ya 1976 na 2001 kuna miaka 25. Katika pengo hilo ndimo wagonjwa wale walimoangukia.

Daktari asiyejua dalili za Zhang alihitaji njia nyingine ya kuamua nani apewe nini, na njia aliyokuwa nayo ni jina la ugonjwa. Miaka ya 1980 Japani ilikuwa na wagonjwa wengi sana wa homa sugu ya ini, na virusi vya aina C vilikuwa bado havina dawa ya kuponya. Sho-saiko-to ilionekana kushusha vimeng'enya vya ini. Mwaka 1989 matokeo ya jaribio lililofanyika katika hospitali kadhaa, lenye wagonjwa 222 na kundi la kulinganishia, yalionyesha nafuu katika vipimo vya damu. Mwaka 1995 watafiti wa Osaka walichapisha utafiti wa miaka mitano kwa wagonjwa 260 ambao maini yao yalikuwa yameshakuwa magumu kwa makovu: waliokunywa mchemsho walipata saratani ya ini kidogo kuliko wenzao, ingawa kwa kundi zima tofauti haikuwa kubwa ya kutosha kuondoa uwezekano wa bahati. Kwa wale wasio na virusi vya aina B tofauti ilikuwa wazi zaidi.

Haya hayakuwa matumaini ya kijinga. Mtu mwenye homa ya ini isiyo na tiba, anayejua kwamba mwisho wake unaweza kuwa saratani, akiambiwa kuna dawa ya mitishamba yenye tafiti na inayolipiwa na bima, ataikataa kwa nini? Nami ningeinywa. Watu waliinywa miezi, wengine miaka, dawa iliyoandikwa kwa homa ya siku chache. Wengi walikuwa wazee na wadhaifu. Na wengine walikuwa wakichomwa pia intaferoni, dawa ya hospitali ambayo nayo peke yake inaweza kuleta nimonia ya aina hii.

Ripoti ya kwanza ya mgonjwa aliyepata nimonia kwa mchemsho huu ilichapishwa mwaka 1989. Nyingine zikafuata. Mwaka 1994 wizara ikapiga marufuku kuichanganya na intaferoni. Mwaka 1996 ndipo ikaja taarifa ya dharura yenye wagonjwa 88. Baadaye masharti yakakazwa zaidi: wenye ini gumu, wenye saratani ya ini, na wenye homa sugu ya ini ambao chembe sahani za damu zimeshuka hadi 100,000 au chini, wote wakakatazwa. Wengi wa waliokatazwa sasa ni watu wa hali ileile ya wagonjwa wa Osaka walioshiriki utafiti uliochapishwa mwaka mmoja kabla ya taarifa ya dharura.

Watetezi wa kampo wanasema: mnaona? Mchemsho uliotengwa na njia yake. Jina la ugonjwa lilichukua nafasi ya hali ya mgonjwa. Katika hili nakubaliana nao, na nadhani ni funzo ambalo tiba ya hospitali nayo ingelisikiliza. Dawa iliyotungwa ili ibadilishwe kila siku kwa kumtazama mtu iligandishwa kuwa pakiti moja kwa wote, na maelekezo yote ya Zhang kuhusu nani aondolewe nini yakapotea njiani kati ya kiwanda na mgonjwa.

Ila tuendelee kufikiri kidogo, maana hapo ndipo wao huishia. Je, tabibu wa kweli wa njia ya Zhang angeligundua madhara haya? Tazama dalili za nimonia hii: kikohozi kikavu, homa, kuishiwa pumzi. Sasa rudi kwenye kitabu. Kikohozi kimo miongoni mwa dalili ambazo kitabu kinataja pamoja na mchemsho huu. Homa ndiyo sababu yake ya kwanza. Mgonjwa akirudi kwa tabibu akikohoa, kitabu kinasema: toa hiki, weka kile, endelea. Huangqin, mzizi ambao watafiti wengi wanaushuku kuwa ndio unaoamsha mwitikio huu wa mapafu, haumo kati ya vinavyoondolewa kwa kikohozi. Tabibu hodari, mwaminifu, aliyesoma kila mstari, angemwendeleza mgonjwa wake kwenye kitu kilekile kinachomuua, na mgonjwa akifa angesema kwa dhati kwamba homa ilizama ndani. Asingekuwa mwongo. Asingekuwa na njia ya kujua.

Tena madhara haya ni nadra. Tabibu mmoja anaweza kutibu maisha yake yote asikutane na mgonjwa wa namna hii, au akutane na mmoja, na mmoja hafundishi kitu. Ndiyo maana hoja ya umri, ile tunayoisikia kila mahali, kwamba dawa iliyotumika miaka 1,800 lazima iwe salama, inahitaji kupimwa kwa makini. Umri unathibitisha jambo fulani. Mchemsho ungekuwa unaua mmoja katika kila wanywaji 10, au unawatapisha wote, ungeshaachwa zamani. Wazee walikuwa na macho. Lakini madhara yanayompata mtu mmoja katika maelfu, yanayokuja baada ya wiki kadhaa, yenye sura ya ugonjwa uleule, yanaweza kupita karne 18 bila kuonwa na yeyote. Kuyaona kunahitaji daftari moja linalokusanya taarifa za wagonjwa wa hospitali zote za nchi, na mtu anayekaa akilisoma na kujiuliza kwa nini. Japani ilikuwa na daftari hilo, na ilikuwa nalo kwa sababu iliichukulia dawa ya mitishamba kama dawa kamili, yenye namba, yenye mtengenezaji anayejulikana, yenye wajibu wa kutoa ripoti.

Kwa hiyo nasema jambo ambalo huenda likawashangaza wengine: vifo vile 10 tunavijua kwa sababu Japani iliiheshimu tiba asili kuliko nchi nyingi. Mahali ambapo dawa za asili zinauzwa bila kuandikwa popote, hakuna taarifa ya dharura inayotolewa. Watu hufa kimya, na dawa inabaki na sifa ya usalama.

Kisa cha Brussels cha mwanzoni mwa miaka ya 1990 hutajwa pamoja na hiki, lakini ni tofauti. Huko wanawake waliokuwa wakipewa vidonge vya kupunguza uzito waliharibikiwa figo kwa sababu mmea mmoja wa Kichina ulibadilishwa na mwingine wenye jina linalofanana nao, na huo wa pili una asidi ya aristolokiki, sumu ya figo na chanzo cha saratani ya njia ya mkojo. Kule mmea haukuwa wenyewe. Japani mmea ulikuwa sahihi, kiwanda kilikuwa safi, vipimo vilikuwa sawasawa, na bado watu walikufa. Ndiyo maana mimi nakiona cha Japani kuwa kizito zaidi. Hakina mhalifu wa kumtupia lawama tukalala.

Je, mchemsho wenyewe unafanya kazi? Kwa homa ya ini aina B, mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 10 yenye washiriki 934, na wapitiaji wakasema majaribio yote yana kasoro kubwa kiasi kwamba haiwezekani kusema kama mchemsho una faida au madhara. Kwa mafua, kikohozi na kichefuchefu, tafiti zipo nyingi kutoka China, nyingi zikiwa ndogo na zisizo na kundi la kulinganishia la kuaminika. Sidhani kwamba hauna kitu. Tangawizi inasaidia kichefuchefu, hilo limepimwa vizuri. Lakini wakati wa Covid-19, mnamo Februari 2020, mamlaka ya tiba ya Kichina ilipoupendekeza kwa nchi nzima mchemsho wa qingfei paidu, wenye vitu 21 na uliounganisha michemsho minne ya Zhang Zhongjing ukiwemo huu, nilisubiri kuona kama safari hii wangegawa wagonjwa makundi mawili ya haki tangu siku ya kwanza. Wagonjwa walikuwepo kwa maelfu. Wataalamu walikuwepo. Taarifa nyingi zilizotoka zilikuwa za waliopona baada ya kunywa, na wengi wa wagonjwa wa Covid-19 walipona pia bila kuunywa. Fursa ya namna hiyo haiji mara mbili, na kupotea kwake kunaniuma kwa ajili ya tiba ya Kichina yenyewe.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina mlango wake, na mlango huo ni malaria. Soma tena dalili za Zhang: baridi na joto vinavyopokezana, kukosa hamu ya kula, kutapika. Mama yeyote wa Morogoro au Kisumu akielezwa dalili hizo atasema neno moja. Maandishi ya kale yenyewe yanautaja mchemsho huu, uliobadilishwa kidogo, kwa homa za kupokezana zenye kiu. Mtu anayenunua vipakiti hivi kwenye duka la dawa za Kichina la mjini, au kuagiza mtandaoni, akafuata dalili zilizoandikwa kwenye boksi, anaweza kukaa siku tatu na vimelea vya malaria akiamini anatibu mafua yaliyozama. Mtoto wa miaka miwili hana siku tatu. Penye malaria, homa ya namna hiyo huanza na kipimo cha damu, na hili halina mjadala.

Na tusisahau kwamba dawa mseto ya malaria, ALu, ambayo Tanzania Bara iliichagua mwaka 2006, nusu yake imetoka katika maandishi ya Kichina ya kale. Tu Youyou, mwanasayansi wa Kichina, alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, wauzaji wengi wa mitishamba walisema: basi, dawa zetu zote zimethibitishwa. Alichofanya Tu na wenzake ni kinyume cha hilo. Walipitia maelekezo zaidi ya 2,000, wakachagua mimea karibu 200, wakatengeneza sampuli zaidi ya 380 na kuzijaribu kwa panya wenye malaria. Mmea mmoja, kwa njia moja ya kuukamua bila moto mkali, ndio uliotoa artemisinini, asili ya nusu ile ya ALu. Mingine yote iliyokuwa na sifa ya kale ya kutibu homa iliwekwa kando. Heshima aliyoipa mimea ile ilikuwa kuijaribu bila upendeleo.

Uhusiano wetu na tiba hii si wa jana. Timu za madaktari wa Kichina zilifika Zanzibar mwaka 1964, na kuanzia 1987 wataalamu wa Kichina walishirikiana na Muhimbili kuwapa wagonjwa wa VVU dawa za mitishamba, wakati ambapo hakukuwa na dawa nyingine ya kuwapa. Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu 2002 na Baraza la kuisimamia. TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania, ina fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa, na Kenya, Bodi ya Famasia na Sumu ina yake. Vyombo vipo. Kinachokosekana ni kiungo kati ya mnywaji wa mitishamba na fomu ile. Nesi anayempokea mgonjwa mwenye kukosa pumzi humuuliza dawa anazotumia, naye husema hakuna, kwa sababu kichwani mwake mitishamba si dawa. Swali linatakiwa liulizwe kwa namna nyingine, bila kumkaripia: umekunywa nini cha majani au mizizi mwezi huu, cha kwetu au cha Kichina? Jibu liandikwe kwenye faili. Bila jibu hilo, wagonjwa 88 au 880 wangepita mbele yetu wakiitwa wa nimonia tu.

Na boksi linaloingia nchini liwe na Kiswahili. Naona vipakiti vyenye maandishi ya Kichina pande zote, na karatasi ndogo iliyobandikwa juu yake yenye orodha ya magonjwa yanayotibiwa, bila hata jina la mmea mmoja. Mnunuzi ana haki ya kujua kwamba ndani mna gancao, ambayo ikitumika kwa wingi au kwa muda mrefu hushusha potasiamu mwilini na kupandisha presha, hasa kwa mtu anayemeza vidonge vya kupunguza maji mwilini. Ana haki ya kujua kwamba ndani mna huangqin. Ana haki ya kusoma onyo ambalo Mjapani amekuwa akilisoma kwa karibu miaka 30.

Hadi hilo litakapofanyika, anayeutumia mchemsho huu, au mwingine wenye chaihu na huangqin, ashike haya. Asiutumie kwa wiki mfululizo bila daktari kujua. Mwenye ugonjwa wa ini, hata akiambiwa ni dawa ya ini, asiuguse kabla ya kupimwa damu. Akianza kukohoa kikavu, akapata homa, akahema kwa kupanda ngazi ambazo juzi alizipanda bila shida, aache siku hiyohiyo, asingoje kumaliza boksi, aende hospitali kupigwa picha ya kifua, na abebe pakiti yenyewe ampe daktari mkononi.